Gitaa ya Mama na Fundo ya Acha

Baraka, tarehe 10 mwezi wa sita 2024

Kwa Gentille, mutoto ya dada yangu, kule Kigoma,

Kama hii barua inanuka samaki ya ndagala, usishangae. Assumani mwenye boti ameiweka mufuko moja na chakula yake ya boti. Simu nimekataa. Simu inakatikaka pale maneno inaanza kuwa tamu. Barua haikatike, na hakuna muntu wa kunijibu katikati.

Sasa kaa chini. Umeshakaa?

Juzi tulienda Mboko kwa bakwe zako kupanga ndoa. Batu bazuri, chakula nzuri, mi nilikula kwa heshima mpaka mukaba ikalia. Halafu baba ya muchumba wako Wilfried, ule Guy mwenye kusema kama anahutubia soko nzima, akafuta midomo na kusema: «Ya muziki musisumbuke. Siku ya ndoa sisi tutaleta orkestra yetu juu ya Fuso, na bafle zetu kubwa za kupaza sauti, na tutamutoa bibi-arusi ndani ya nyumba sisi wenyewe. Juu tunasikia kwenu muziki ilikufa pamoja na shemeji yako Raphaël.»

Gentille, wewe unanijua. Mi ni muntu mupole. Simba aliniona siku moja kwa njia ya Fizi akanipisha juu ya upole wangu. Lakini hapo nilisimama.

Nikasema: «Guy, katika ukoo yetu mwali anatoka mulangoni na muziki ya kwao. Godelieve, dada yangu, ataliza gitaa yake hiyo siku. Kama haitalia, orkestra yenu iingie mpaka ndani ya chumba, na mimi Darius nitabeba bafle yenu ya mukubwa kuliko zote juu ya kichwa, kutoka barabarani mpaka mulangoni, batu bote baone.»

Batu bakapiga makofi. Guy mwenyewe akapiga makofi, na hapo njo nilijua nimesema mingi.

Sasa ukweli. Ile gitaa ya kulala, yenye mumishonari aliachia mama yako, yenye anaweka juu ya mapaja na kuteleza chuma juu ya nyuzi, haijasema neno tangu baba yako afariki. Mama yako hakutaka hata kuifuta vumbi. Lakini nilipomupa maneno ya Guy, alimaliza kwanza kuchambua majani yake yote ya sombe, halafu akasema: «Kama inaweza kusema tena, nitamutoa mutoto wangu.»

Amesema! Mwenyewe!

Nimeifungua. Butoni ya kuongeza sauti iko muzima. Ya pili, ile ya toni, yenye mama yako alikuwa anazungusha ili gitaa ilie kama muntu, hiyo imekufa. Kondansateri yake imepasuka kama muhogo ya kuoza. Hapa Baraka nimepata za redio tu, na mi siwezi kutia gitaa ya dada yangu matumbo ya redio. Wewe unafanya kazi kwa batengeneza bafle na ampli za kukuza sauti. Tuma ile kitu, na unichoree vile nyuzi zinaungwa. Si kwamba mi sijui. Ni kwa kuhakikisha tu.

Mujomba wako, fundi,
Darius


Kigoma, tarehe 19 Juni 2024

Mjomba Darius, shikamoo. (Huku ukisahau shikamoo wanakuangalia kama umeiba kuku.)

Nimesoma barua yako kazini, nikacheka mpaka bosi akazima mashine aone nina nini. Halafu nikaacha kucheka. Mjomba, bafle ya baba mkwe wangu naijua. Wanaume wazima wanaibeba wawili. Wewe na shingo yako ile, nitaolewa na kukuzika siku moja?

Lakini si shingo inayoniharakisha kuandika. Ni yale maneno ya mama. Tangu baba aondoke nimemuuliza mara nyingi kuhusu gitaa, na kila mara ananiuliza kama nimekula. Na sasa amesema atanitoa nayo! Mjomba, mimi orkestra siitaki. Gari la maua silitaki. Nataka kutoka mlangoni nikisikia ile gitaa ikisema «uuu-aaa» kama alivyokuwa akinibembeleza nayo nikiwa na homa. Nikitoka bila hiyo, nitaona kama nimetoka nyumba ya watu wengine.

Ndani ya bahasha kuna kondansateri (huku wanaita kapasita), nimeifunga kwenye pamba. Kazi yake ni kumeza sauti nyembamba na kuacha nene. Butoni ya toni ina miguu mitatu. Ukiizungusha upande mmoja, kapasita inameza sana na gitaa inasema kama mtu aliyeweka kichwa ndani ya sufuria. Ukiizungusha upande mwingine, inaacha kumeza na sauti inafunguka. Nimekuchorea jinsi tunavyounga hapa kazini: ukienda kulia inafunguka, ukienda kushoto inafungika, kama bomba.

Fuata mchoro. Usiongeze kitu. Na tafadhali, usiende tena Mboko kuahidi mambo.

Mpwa wako,
Gentille


Baraka, tarehe 2 mwezi wa saba 2024

Gentille, fundi mudogo ya fundi mukubwa!

Inasema! Inasema! Ningekuwa na njia ningefunga kelele ndani ya bahasha uisikie.

Nikuambie kwa mupango. Kwanza umeme. Unajua vile mi na umeme tunaishi. Kuna mwaka nilikuwa Kazimia, hakuna mafuta ya groupe ya umeme, hakuna jua ya panneau, simu imekufa. Nikashika ule samaki wa ziwa mwenye kupiga shoti, nikamuweka ndani ya karai, nikamuunga na simu. Ilijaa mpaka juu! Samaki mwenyewe alikonda, lakini aliishi. Muulize Assumani, alikuwa pale. Akikataa, ni juu ya wivu.

Basi, nimefungua gitaa juu ya meza yangu ya sokoni, batu bakajaa. Ndani, Gentille, ni aibu! Iko muntu alichezea pale. Ile waya ya toni imeungwa kwa muguu ya kinyume. Ukienda kulia inafungika, ukienda kushoto inafunguka. Kinyume kabisa ya muchoro yako! Na juu ya ile waya bamefunga fundo. Fundo ya bavuvi, ya vichwa mbili, ndani ya kitu ya umeme! Nilicheka, nikawaonyesha batu: «Angalieni kazi ya bazungu! Bamechanganya gitaa na wavu!» Batu bakacheka pia. Nikakata fundo, nikahamisha waya kwa muguu ya haki, nikachomelea na kondansateri yako. Safi. Sasa inaenda kama bomba.

Kulikuwa na shida moja ya kidogo. Ilikuwa inanguruma «mbuuu» hata bila kupigwa. Lakini nikiweka mukono yangu juu ya nyuzi, inanyamaza. Nikitoa, «mbuuu». Batu bakashangaa. Nikawaambia: umeme na mimi tunajuana, ikinisikia inatulia. Mulevi moja akasema ni waya ya chini, ile ya kuondoa mungurumo, imeachia. Nilimuambia aende kulala. Baadaye, batu bakiisha kwenda, nilichomelea hiyo waya ya chini. Kwa kuhakikisha.

Siku ya Mungu, kiisha misa, mama yako ataijaribu. Ameshakata kucha. Ameosha ile chuma yake na majivu mpaka inangaa. Nimemuona anaimba polepole jikoni, Gentille. Anaimba!

Guy nimemutumia salamu. Fupi tu. Nimemuambia aanze kutafuta kitambaa cha kufutia machozi.

Mujomba wako,
Darius, rafiki ya umeme


Baraka, tarehe 8 mwezi wa saba 2024

Kwa mupwa wangu Gentille,

Yote iko muzuri. Gitaa iko muzuri, mi niko muzuri, mbuzi zangu ziko muzuri. Mama yako alijaribu kidogo jana. Ana mafua kidogo. Atajaribu tena. Vumbi ya mwezi wa saba unaijua.

Usisome sana barua ya mama yako, ameandika na haraka.

Kule Kigoma kuna dawa ya shingo? Nauliza tu.

Darius


Baraka, tarehe 8 mwezi wa saba 2024

Mutoto wangu Gentille,

Ni mimi mama yako. Mujomba wako amefanya kazi nzuri, usimulaumu. Gitaa inasema. Ni mimi sijui tena.

Nilikaa, nikaiweka juu ya mapaja, nikateleza chuma, sauti ikatoka nzuri kama zamani. Halafu nikavuta butoni na kidole changu kidogo ili ilie. Haikulia. Badala ya kufunguka ilijifunga. Ilikuwa kama muntu anayeanza kuita jina na anaimeza. Nikarudia. Nikarudia tena. Kila mara anaimeza.

Kidole kimesahau, mwanangu. Kimezeeka na mimi.

Kukutoa na muziki ya kujifunga, hapana, ni mukosi. Nimeifunika na kitenge na kuirudisha juu ya kabati. Waache batu ya Mboko balete orkestra yao. Utatoka tu vizuri. Hapa mahindi imekauka, na Divine wa jirani amezaa mapacha. Umekula?

Mama yako,
Godelieve


Kigoma, tarehe 16 Julai 2024

Mjomba Darius,

Assumani amenipa barua zenu mbili kwa pamoja. Yako ina mafua. Ya mama haina.

Nililia, halafu nikaisoma tena, nikafika pale anaposema «badala ya kufunguka ilijifunga». Nikaruka juu ya kiti. Nikaichukua barua yako ya zamani. Mjomba! Fundo! Umekata fundo!

Sikiliza vizuri, na usimsomee mtu yeyote.

Unajua kidole kidogo cha mama kilibanwa na kamba ya wavu, kikapona kimepinda. Kidole hicho kinavuta butoni kwenda kushoto tu, hakiwezi kuisukuma kulia. Baada ya ajali ile alishindwa kuliza gitaa, maana ili ifunguke alipaswa kusukuma butoni. Aliiacha miezi na miezi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka usiku baba aliponiamsha nimshikie tochi. Alifungua gitaa na kugeuza ile waya ya toni, akaiweka kwenye mguu wa kinyume makusudi, ili mama akivuta, sauti ifunguke. Kisha akafunga fundo la vichwa viwili.

Baba alikuwa mvuvi kabla ya kuwa fundi, unakumbuka. Wavuvi wenu wa hapo pwani, mtu akitengeneza wavu kwa namna ya ajabu lakini makusudi, anafunga fundo lile ili mwenzake asije akaurekebisha. Wanaliita acha. Baba alilifunga kila mahali: kwenye taa za kuvulia ndagala, kwenye redio, kwenye kamba ya mbuzi. Na mimi, mtoto wake, nimekuchorea mchoro wa dukani bila kukumbuka! Kwa hiyo kosa tugawane, ila la kucheka mbele ya soko ni lako peke yako.

Asubuhi ile mama alijaribu, gitaa ikalia, akapiga kelele ya furaha: «Raphaël! Kidole kimepona!» Baba akaniangalia, akaweka kidole mdomoni. Hakumwambia mpaka anakufa. Alitaka mama aamini kidole chake kimepona chenyewe.

Basi, Mjomba. Rudisha waya kinyume. Funga fundo. Na mama usimwambie kitu! Ukimwambia waya zilikuwa zimegeuzwa, utamnyang'anya kile baba alichompa. Mwambie tu ajaribu tena.

Mimi nakuja na boti ya Assumani mwanzo wa mwezi wa nane. Nakuomba, mjomba wangu, sina mwingine.

Gentille


Baraka, tarehe 25 mwezi wa saba 2024

Gentille,

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda kukaa nyuma ya choo ili muntu asinione uso. Raphaël! Ule muntu nilikuwa namufundisha kazi, kumbe alikuwa ananificha mambo. (Ndiyo, ni mimi nilimufundisha. Karibu yote.)

Waya nimegeuza. Usiku? Hapana, mchana, lakini mulango nimefunga, na mama yako nimemutuma sokoni kutafuta chumvi yenye tuko nayo.

Sasa fundo. Mi sikuzaliwa mu mutumbwi. Nilifunga yangu, ikafunguka. Nikafunga ingine, ikawa kama utumbo ya kuku. Nikateremuka pwani kwa batengeneza nyavu, nikawaambia ninataka fundo ya acha juu ya kazi moja ya serikali. Walinikalisha juu ya muchanga, na mama mumoja mwenye meno mawili akanipiga vidole na sindano ya wavu kila nikikosa. «Darius, wewe si ulishika samaki ya umeme? Fundo inakushinda?» Walicheka mpaka mutumbwi moja ikasahau kuondoka. Lakini nimeijua. Iko mule ndani sasa.

Shida ni mama yako. Hataki. Nimemuambia ajaribu, amesema nimuache. Nimemuambia mafundi ba Uvira baliota ndoto kwamba ataipiga, amesema baote ingine. Nimeteremusha gitaa toka kabati, amerudisha. Nikisema ukweli, atajaribu. Lakini wewe umenikataza huo ukweli. Muntu kama mimi, kufungwa midomo! 

Guy ameuliza kama shingo yangu iko tayari.

Kuja haraka.
Darius


Baraka, tarehe 19 mwezi wa nane 2024

Kwa Madame Gentille, bibi ya Wilfried, kule Mboko,

Aah! Sasa wewe ni Madame, nakuandikia na kalamu ya bleu.

Hiyo siku ulikuwa ndani, bamama banakuvalisha, ulisikia tu kelele. Batu benye kukuelezea watakuwa bamekudanganya. Mi sidanganyi. Nikuambie yenye ilipita inje.

Fuso ya Guy ilifika na vumbi ya kujaza njia yote. Bafle zake juu kama nyumba ya ghorofa. Orkestra bakashuka, bamevaa miwani, groupe inanguruma. Guy akanionyesha ile bafle ya mukubwa, akasema polepole: «Shemeji, kichwa iko?»

Nikamujibu: «Kichwa iko, lakini iko na kazi ya kwanza.» Nikaingia, nikatoa gitaa juu ya kabati, nikaunga na ampli ya kanisa, nikakaa katikati ya kiwanja, nikaiweka juu ya mapaja yangu mwenyewe. Na nikaipiga.

Gentille, ulisikia. Ulizani ni mbuzi bananyonga. Ni mimi. Mbwa zilipanda mulima. Mutoto moja akamuuliza mama yake kama ndoa imekufa. Chuma ilikuwa inateleza mpaka mahali nyuzi zinaisha, mi narudisha, inateleza tena. Guy akaziba masikio. Nikaendelea, macho imefungwa, jasho inatoka, nikasema ndani ya roho: yaya Godelieve, dada yangu mukubwa, wewe si muntu wa kuvumilia hii.

Na hakuvumilia. Alitoka na kitenge yake mupya, unga ya jikoni kwa mikono, akanipiga hapa, nyuma ya shingo, ile shingo ya kubeba bafle. «Darius! Toka! Unamuua!» Alisema kama gitaa ni muntu. Akaninyanganya, akakaa, ili kuifanya inyamaze tu, nafikiri. Akaweka chuma juu ya nyuzi. Mukono wake ya kuume ikaenda yenyewe. Kidole kidogo ikashika butoni. Ikavuta.

Uuuuu-aaaaa.

 Akaangalia kidole. Akavuta tena. Gitaa ikalia kama inaita muntu toka ngambo ya ziwa na muntu anaitika. Hapo njo ulitoka mulangoni, Gentille, na yenye kufuata unaijua, ulikuwa unalia na rangi ya macho yako ilishuka mpaka kwa kidevu.

Yenye haujui ni hii: ule mupiga gitaa wa Guy alikimbia kuzima groupe yao ili asikie vizuri. Na Guy, katikati ya batu, alifuta uso na tai yake. Kitambaa hakutafuta. Nilimuonya.

Sasa mi natembea Baraka nzima nikisema: mafundi benye kujua kuunga toni kinyume duniani ni babili, Raphaël na mimi. Na mimi niliigeuza mara mbili!

Imebaki neno moja.

Jana mama yako alikuwa amekaa mulangoni, gitaa juu ya mapaja. Akaniambia: «Darius, leta tournevis, utoe skrubu. Fungua.» Nikasema ya nini, iko muzuri. «Fungua.» Nikafungua. Akainama, akaangalia ndani, mupaka nikafikiri amelala. Halafu akagusa fundo na kile kidole chake cha kupinda.

«Hii si ya Raphaël,» akasema. «Ya Raphaël ilikuwa nzuri. Hii iko kama kitu ya kutafunwa na kutemwa.»

Gentille, mi Darius, nilikubali kwamba hiyo kazi mbaya ni yangu. Andika hiyo tarehe.

Nikasema: «Yaya, ulikuwa unajua?»

«Kidole ni yangu. Nitakosa kujua kama imepona ao haijapona? Ila hiyo asubuhi alikuwa na furaha mingi, yeye na mutoto yake na tochi yao, nikawaachia.» Akacheka, ile sauti yake ya usichana yenye hujaisikia. «Gitaa ilipojifunga nilizania kidole kimezeeka, juu nilisahau kwamba iko muntu wa kukata fundo bila kuuliza.»

Nikachukua makasi, nikasema nitafunga ingine ya kupendeza. Akanishika mukono.

«Acha,» akasema. «Funga gitaa hivyo hivyo.»

Nikafunga. Haya maneno sijamuambia muntu, ni wewe tu. Na Assumani, juu alikuwa amekaa pale. Na bale batengeneza nyavu, juu fundo ni yao.

Salimia Guy. Muambie bafle yake aliisahau kwetu, kuku zinalalia ndani.

Mujomba wako,
Darius